Reli Nyembamba Juu ya Meza

Msomaji aliyepanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, au ile ya dizeli kutoka Mombasa kwenda Nairobi, amekwenda juu ya reli mbili zilizoachana kwa milimita 1,435, kipimo kinachohesabiwa kuwa cha kawaida katika sehemu kubwa ya ulimwengu. Na babu yake, aliyesafiri kwa gari moshi la zamani katika nchi hizo hizo, alikwenda juu ya reli zilizoachana kwa mita moja tu, kama walivyopima Wajerumani walipoanza kazi Tanga mwaka 1893, na Waingereza walipoanza Mombasa mwaka 1896. Kila njia iliyo pungufu ya kile kipimo cha kwanza huitwa reli nyembamba, na kwa hesabu hiyo sisi watu wa Afrika Mashariki tumelelewa na reli nyembamba kwa zaidi ya karne moja, pasipo kuwaza hata siku moja kwamba ni nyembamba.

Walakini ziko zilizo nyembamba zaidi. Huko Wales, reli ya Ffestiniog, iliyofunguliwa mwaka 1836 kwa ajili ya kuteremsha mawe ya kuezekea kutoka machimboni hadi bandari ya Porthmadog, ina upana wa milimita 597, na hadi mwaka 1863 ilipopata injini za moshi ilikuwa ikiendeshwa kwa mteremko na kwa wanyama: mabehewa yaliyojaa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, nao farasi, ambao walipewa behewa lao wateremke kwa raha pamoja na mzigo, wakayavuta yale matupu kurudi mlimani. Ufaransa, katika miaka ya 1870, Paul Decauville alitaka kutoa viazisukari katika mashamba yenye matope, akabuni reli za vipande vilivyokwisha kufungwa juu ya mataruma ya chuma, ambavyo vibarua wachache waliweza kuvichukua, kuvitandaza, na kuvihamisha mavuno yalipokwisha. Na katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889 reli ya namna hiyo, yenye upana wa milimita 600, ilichukua abiria zaidi ya milioni sita. Sababu ya wembamba huu wote ni fedha. Njia nyembamba huzunguka jabali ambalo njia pana ingelazimika kulipasua, huhitaji madaraja mepesi na injini ndogo, na mtu mwenye mzigo wake na umbali wake mfupi hakuona haja ya kulipia zaidi ya hayo.

Nimeanza na historia hiyo kwa kuwa mtu anayetamani kuwa na reli ya mfano nyumbani kwake aghalabu hutamani kwanza ile kubwa: treni ndefu ya abiria, yenye mabehewa kumi yanayong'aa, ikipita kwa kasi. Hesabu humkatisha tamaa upesi. Njia kuu ya kweli haipendi kona ambayo nusu kipenyo chake ni pungufu ya mita 300. Tukizigawa mita hizo kwa 87, kwani skeli ya 1 kwa 87 ndiyo inayotumika zaidi ulimwenguni katika sanaa hii, tunapata takriban mita tatu na nusu, maana yake treni ikitaka kugeuka irudi ilikotoka itadai chumba chenye upana wa mita saba. Ni wachache wenye chumba hicho, na aliye nacho ana watoto wa kulaza humo. Kwa hiyo watengenezaji huikunja reli hata nusu kipenyo kikawa sentimita 40 hivi, na behewa refu likipita hapo hutoa pua upande mmoja na tumbo upande wa pili, jambo ambalo reli ya kweli haijapata kuliona.

Reli ya shamba, kwa upande wake, yenye upana wa milimita 600, hupinda katika nusu kipenyo cha mita 20 bila taabu. Mita 20 katika skeli ya 1 kwa 76, ambayo Waingereza huipenda, ni sentimita 26. Basi katika ubao wa sentimita 60 kwa 120, usiozidi meza ndogo ya chakula, duara kamili huenea, na kona zake zikawa kona za haki, na injini yenye magurudumu manne ikazipita kwa mwendo wa pole kama injini ya kweli ilivyozipita. Hiyo kwa maoni yangu ndiyo fadhila kubwa ya reli nyembamba kwa mwanafunzi wa sanaa hii, na naiweka mbele ya urahisi wa bei na mbele ya udogo wa nafasi inayotakiwa: reli kubwa ikipunguzwa hulazimika kusema uongo ili iingie nyumbani, ilhali nyembamba huingia na ukweli wake.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wageni huyachanganya. Skeli ni kadiri ambayo kila kitu kimepunguzwa, watu, nyumba na miti. Upana ni nafasi baina ya reli mbili. Reli zenye upana wa milimita 9 zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya treni za kawaida zilizopunguzwa mno, mara 160 hivi, hata wenye fikira wakaona kwamba juu ya reli hizo hizo, wakitumia mota na magurudumu yayo hayo, wanaweza kuweka injini ya skeli kubwa zaidi, nayo mara moja ikawa ya reli nyembamba. Milimita 9 mara 87 ni milimita 783, karibu sana na njia za milimita 750 na 760 zilizojengwa kwa wingi Ulaya ya kati. Milimita 9 kwa skeli ya Waingereza ni milimita 686, na huo, kwa sadfa njema, ndio upana hasa wa reli ya Talyllyn ya Wales, iliyofunguliwa mwaka 1865, ambayo mwaka 1951 ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Mmoja wa waliotangulia katika kuijenga reli ya namna hii mezani alikuwa P. D. Hancock wa Edinburgh. Na kiwanda cha Kijerumani cha Egger-Bahn kilipoanza mwaka 1963 kuuza injini na mabehewa yaliyokwisha tengenezwa, jambo lililokuwa la mafundi wachache likawa la kila mtu.

Ziko njia nyingine, nami nazitaja kwa haraka. Mwenye bustani anaweza kutazama treni kubwa za upana wa milimita 45 ambazo kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilizitoa mwaka 1968 kwa jina la LGB. Skeli yake ni 1 kwa 22.5, na upana huo ukizidishwa hukaribia mita moja kamili, yaani upana wa reli yetu ya zamani. Mwenye kutaka gari moshi la mita moja lakini ndani ya nyumba atafute reli za milimita 12 kwa skeli ya 1 kwa 87, ingawa vifaa vyake ni adimu na ghali. Anayeanza namshauri ashike milimita 9, kwani ndiyo yenye vifaa vingi: kampuni ya Peco ya Uingereza huuza reli zake hata zenye mataruma yaliyopangwa ovyo kama ya shambani, na chasisi ndogo za Kato za Japani huvishwa mwili wowote ambao mtu amependa kuukata kwa plastiki, au kuuchapa kwa printa ya 3D. Vifaa hivi aghalabu huagizwa ng'ambo, basi na viagizwe kidogo kidogo: injini moja, reli za mita mbili tatu, njia panda mbili, na mabehewa machache.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, mtu na aamue treni yake itachukua nini. Ubao uliojengwa kwa ajili ya treni kuzunguka tu humchosha mwenyewe baada ya juma moja, nayo reli nyembamba haikujengwa popote kwa ajili ya kuzunguka. Ilikuwa na kitu cha kutoa mahali na kukifikisha mahali. Hata ile ya kifalme ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1879 kutoka kasri yake mjini hadi Chukwani, ikivutwa kwanza na nyumbu na kisha, kuanzia mwaka 1881, na injini ndogo iliyoagizwa kwa Bagnall wa Uingereza, ilikuwa na shughuli yake, nayo ni kumpeleka Sultani mapumzikoni. Alipofariki mwaka 1888 shughuli ikaisha, na reli ikang'olewa. Ile ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne iliyopita, ilichukua wenye kwenda shamba na wenye kurudi mjini, na atakayeijenga mezani ikipita kando ya ukuta wa Ngome Kongwe atakuwa amefanya kitu cha fahari. Katika Usambara kulikuwa na reli ya Sigi, yenye upana wa milimita 750 na urefu wa kilomita 23 hivi, iliyotoka Tengeni katika njia kuu ya Tanga ikapanda msituni kufuata magogo. Na ni wazi kwamba milimita 9 kwa skeli ya 1 kwa 87 huikubali.

Lakini kwa anayeanza mimi ningechagua reli ya shamba la mkonge. Mwaka ule ule wa 1893 ambao reli ilianza kujengwa Tanga, Dakta Richard Hindorf alileta pwani hiyo miche ya mkonge kutoka Florida, ikanusurika 62 tu, na katika hiyo yakatoka mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza ulimwenguni kwa katani. Sasa tazama jinsi mmea huu unavyodai reli. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, nyuzi ni kilo nne hivi. Yaliyobaki ni maji na makapi. Majani ni mazito, yakikaa siku nyingi baada ya kukatwa hukauka na nyuzi zikawa ngumu kutoka, na mashine ya kuyaparua, ambayo watu wa Tanga huiita korona, inataka maji mengi, kwa hiyo hujengwa penye mto na haiwezi kuwafuata wakataji shambani. Hapo hapakosi mzigo mwingi, wa haraka, wa kwenda mahali pamoja kila siku, katika mashamba tambarare ambamo ukataji huhamishwa kutoka kitalu hadi kitalu: kazi ile ile ambayo reli za vipande za Ufaransa zilibuniwa kuifanya. Mashamba mengi yalitandaza njia za milimita 600, na juu yake zikaenda injini ndogo, zikiwemo za Orenstein & Koppel wa Berlin, zikivuta msururu wa matoroli yaliyolundikwa matita ya majani.

Jambo hilo likiwekwa ubaoni hujipanga lenyewe. Upande mmoja ni shamba, na njia moja fupi inayokufa katikati ya mistari ya mkonge. Upande wa pili ni kiwanda, chenye njia ya kushushia majani mbele ya korona, na njia nyingine ya ghala ambako marobota ya katani hupakiwa. Baina ya pande hizo ni uwanja wa kuanikia, wenye nyaya zilizotandazwa safu kwa safu. Mbao zisihesabiwe kuwa jambo dogo: plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao nyembamba, isiyotikisika, iliyopakwa rangi juu na chini kabla ya kitu chochote kuwekwa, maana katika hewa ya pwani ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili ukapinda, na fremu isiyo na dawa ni karamu ya mchwa. Uwekwe juu kidogo kuliko meza ya kawaida, hata mtazamaji aliyeketi aione treni kwa ubavu. Anayeitazama kutoka juu huona paa tu.

Umeme wa reli hizi si wa kutisha, ila una hila zake. Reli moja ni chanya na nyingine ni hasi. Magurudumu ya chuma huuchukua umeme wa volti 12 na kuupeleka kwenye mota, na mwendeshaji akigeuza chanya kuwa hasi treni hurudi nyuma. Ni kwa sababu hiyo kwamba njia isiruhusiwe kujizungusha ikarudi na kujiunga na yenyewe kwa kuelekea kinyume, kwani hapo reli ya kulia hukutana na ya kushoto, na matokeo yake ni shoti. Transfoma na kidhibiti mwendo vinunuliwe vikiwa kamili vimefungwa na kiwanda. Umeme wa nyumbani si mahali pa majaribio. Baada ya hapo adui ni vumbi. Injini kubwa ina magurudumu mengi ya kuchukulia umeme na uzito wa kuyagandamiza, ila hii yetu ina magurudumu manne na uzito wa ndege, kwa hiyo chembe moja ya uchafu yatosha kuisimamisha, na njia panda ambayo moyo wake, pale reli zinapokatana, ni wa plastiki, huisimamisha kila ipitapo. Dawa ni tatu: njia panda zenye moyo wa chuma unaopewa umeme wake, kitambaa chenye spiriti kidogo kupitishwa juu ya reli kabla ya kila mchezo, na kuongeza uzito ndani ya injini kwa vipande vya risasi, na hapo chubwi za wavuvi, zikikatwa na kupangwa mahali pasipoonekana, hufaa kuliko chochote kinachouzwa kwa jina la kitaalamu. Aliyekata risasi na anawe mikono. Reli zenyewe ziwe za ile aloi nyeupe ya shaba na nikeli, kwani za chuma katika mji wa pwani huota kutu upesi.

Mandhari ndiyo sehemu ambayo mkazi wa nchi hizi humpita mbali mtu wa Ulaya, kwa kuwa vitu vyenyewe viko mlangoni. Njia ya shamba haikuwa na kokoto za fahari. Ilizama katika udongo na majani. Chukua udongo mwekundu, uanike, uuchome kidogo katika sufuria kuukuu ili wadudu wafe, uchekeche kwa kitambaa cha chandarua, kisha upitishe sumaku juu yake mara nyingi, maana udongo mwingi una chembe za chuma, na chembe hizo zikivutwa na mota huiua. Utandaze baina ya mataruma, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, halafu udondoshee gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji. Sabuni ile huifanya gundi ipenye badala ya kusimama juu kama shanga. Ikikauka inashika kabisa.

Majani marefu ya kando ya njia, ambayo wapenzi wa sanaa hii huko Ulaya huyatengeneza kwa kamba ya katani iliyokatwakatwa na kutiwa rangi, sisi tutayapata kwa kamba hiyo hiyo, na katika ubao huu ina heshima ya pekee: nyuzi zake laini zikining'inizwa juu ya nyaya za uwanja wa kuanikia, huwa katani inayowakilishwa na katani. Mimea ya mkonge ni kazi ya subira. Mmea wa mita moja na nusu huwa sentimita mbili katika skeli yetu ya 1 kwa 76. Majani yake hukatwa kwa karatasi ngumu iliyopakwa kijani chenye vumbi la kijivu, membamba na yenye ncha, yakazungushwa na kugandishwa juu ya pini, ya chini yakilala na ya juu yakisimama wima. Ipandwe kwa mistari miwili miwili yenye nafasi pana baina ya kila jozi, kama ipandwavyo shambani. Michache iachwe izeeke, itoe milingoti yake ya maua, ambayo ya kweli yaweza kufika mita sita na hapa ni sentimita nane; zaidi ya hiyo michache ni kulidharau shamba, kwani meneja aliyeruhusu mkonge wake wote utoe milingoti alikuwa amechelewa kuukata. Mistari inapofika mwisho wa ubao ichorwe iendelee juu ya karatasi ya nyuma, ikipungua hadi milima ya Usambara, nayo milima ipakwe buluu hafifu zaidi ya vile mkono unavyotaka kuipaka.

Ikibaki kazi, itakuwa ya kuendesha. Mwingereza Alan Wright alibuni uwanja mdogo alioupa jina la Inglenook Sidings, wenye njia tatu za kuegeshea: moja ya kuenea mabehewa matano, na mbili za matatu matatu, pamoja na kipande cha mbele cha kuenea injini na mabehewa matatu. Mabehewa ni manane. Kila moja hupewa karata yake, karata huchanganywa, tano hutolewa moja baada ya moja, na dereva hutakiwa kuunda treni ya mabehewa hayo matano, kwa mfuatano huo huo, katika njia ile ndefu. Inaonekana kuwa kazi ya mtoto, ila matano katika manane yaweza kutokea kwa mifuatano 6,720, na nafasi ikiwa finyu kila hatua hulazimu kufikiri hatua mbili za mbele. Kwa matoroli yetu ya sentimita tano uwanja mzima hauzidi mita moja, nao waweza kuwa upande wa kiwanda wa ubao wetu, matoroli ya majani yakitengwa na ya marobota, na moja likiwa la kuni. Wakiwa wawili, mmoja huzishika karata na kutaja toroli linalotakiwa, naye mwingine huendesha. Matoroli huunganuliwa kwa waya mwembamba wenye ndoano, na mkono hauruhusiwi kuyagusa, hata injini ikigoma.